Patasi Ndani ya Brashi

Mjini Tabora, mtu akitaka kutengenezewa mlango au kitanda, swali la kwanza ni kama ana uwezo wa kununua mninga. Akisema anao, mazungumzo yanachukua sura nyingine. Fundi ananyanyuka, anavuta ubao kutoka nyuma, anaufuta vumbi kwa kiganja, anaugeuza ili mwanga upite juu ya nyuzi zake. Kata ya Gongoni na kata jirani zimelelewa na harufu hiyo ya vumbi la mbao, na ninaamini ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo juu ya wachongaji na wachoraji wetu wa leo, ingawa kazi zao nyingi ziko mbali sana na hapa.

Mninga huota katika misitu ya miombo iliyoizunguka Tabora, pamoja na mtundu na myombo. Ukiutia shoka hutoa utomvu mwekundu mzito. Kiini chake huanzia rangi ya asali na kwenda mpaka wekundu wa udongo, na kikishakauka hakisinyai wala hakivimbi sana. Ndiyo maana mlango wa mninga uliofungwa wakati wa kiangazi haugomi masika. Seremala anaupenda kwa sababu randa inateleza. Mchongaji anaupenda kwa sababu nyingine: unakubali tezo kutoka pande nyingi bila kupasuka ovyo, na ukingo uliokatwa vizuri unabaki mkali kwa miaka mingi.

Seremala na mchongaji ni watu wawili tofauti hata wanapokaa chini ya bati moja. Seremala anaunganisha. Ana miguu minne ya kiti, ana fremu, ana mbao za kuegemea, na ujuzi wake uko kwenye maungio. Akikosea mguu mmoja, anakata mwingine. Mchongaji wa jadi wa Unyamwezi alianza na gogo moja na kumaliza na gogo lile lile lililopungua. Kinu, ngoma, kigoda, vyote vilitoka katika kipande kimoja, na kila pigo la tezo lilikuwa la kudumu. Hakuna gundi wala msumari wa kurudisha kilichoondoka. Kwa hiyo kabla ya kugusa chombo ilimpasa awe ameshaamua kipi kitabaki, na uamuzi huo ndio sehemu ya kazi ambayo mtazamaji haioni.

Kazi kubwa kuliko zote za aina hiyo ninazozifahamu kutoka nchi hii ni kiti cha enzi kilichotoka Buruku, Unyamwezi, ambacho kilifika Berlin mwishoni mwa karne ya 19 na sasa kimo katika makumbusho ya tamaduni za watu ya mji huo. Ilikuwa miaka ambayo Wajerumani walikuwa wakivunja watemi mmoja baada ya mwingine. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao mpaka Januari 1893, ngome yake ilipoingiwa, akajilipua kwa baruti yake mwenyewe badala ya kushikwa. Vitu vilivyosafirishwa kwenda Ulaya kutoka eneo hili katika miaka hiyo haviwezi kutazamwa bila kukumbuka hayo.

Kiti chenyewe ni cha gogo moja. Kalio ni la mviringo, linashikiliwa na miguu iliyopinda, na kutoka ukingoni mwa kalio hupanda egemeo refu. Juu ya egemeo hilo amechomoza mtu: kichwa, kiwiliwili, mikono. Hakupachikwa. Ni mbao ile ile ya egemeo iliyoachwa nene pale alipo yeye, na kupunguzwa pengine pote. Fikiria maana yake kwa fundi. Gogo lilipokuwa bado zito na bichi, na umbo la kiti bado halijaonekana, tayari alishatenga unene wa vidole kadhaa kwa ajili ya mtu ambaye angemfikia mwisho kabisa. Alizunguka kote akiondoa, akimhifadhi. Kama angelegea siku moja akapitisha tezo mahali pale, kiti kingebaki kiti kizuri tu, chenye egemeo tupu, na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Na tazama mtu huyo alivyokaa. Nyuma yake ni ubao mtupu, bapa. Hana mti pembeni, hana nyumba, hana ardhi anayokanyaga. Yuko juu ya uwanja ulio wazi, umbo lake likitengwa na uwanja huo kwa ukingo mmoja safi. Mimi husema ile tayari ni picha. Imekosa rangi tu. Wanaoandika historia ya uchoraji Afrika Mashariki kwa kawaida huanza na shule za wamishonari, au Chuo cha Makerere, au watalii wa Dar es Salaam, na kila mwanzo kati ya hiyo una ukweli wake. Lakini jicho linaloona umbo moja kubwa likisimama mbele ya uwanja mtupu lilikuwapo katika mbao muda mrefu kabla ya brashi kuletwa, na nikiitazama michoro yetu bora ya miaka 60 iliyopita ninaiona patasi ndani yake.

Ushahidi wa wazi zaidi ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, upande wa Masasi, Mmakonde katika nchi ya wachongaji. Alianza utotoni kwa kuchonga mihogo, kisha miti laini, na baadaye ndipo akapewa mpingo. Mpangilio huo wa mafunzo una hekima kubwa. Muhogo unasamehe: kisu kinaingia bila nguvu na kosa halina gharama. Mpingo hausamehe kitu. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, unakula makali ya chombo, na mti wake unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Nje una tabaka jeupe, ndani kiini cheusi, na gogo lake ni nadra kunyooka. Mchongaji huketi chini, hulibana gogo kwa nyayo, na hupiga akielekea kwenye mwili wake mwenyewe, akiligeuza kila baada ya mapigo machache kutazama lilivyojipinda.

Kujipinda huko ndiko kulikozaa mtindo wa shetani. Mwanzilishi wake anatajwa kuwa Samaki Likankoa, Mmakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kumuuzia mfanyabiashara Mohamed Peera. Husimuliwa kwamba sanamu yake moja ilivunjika mkono, na badala ya kuitupa akaifuata mbao kule ilikokuwa imempeleka, akatoa kiumbe kisicho binadamu kamili. Sina haja ya kuapia kila kipande cha hadithi hiyo. Ninachokiona ni kwamba sanamu za shetani zilizo bora zimechongwa hasa na nafasi tupu. Tundu lililo kati ya mkono na tumbo lina umbo lililokusudiwa kama mkono wenyewe. Mtindo wa ujamaa, ambao Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuuanzisha, unafanya kinyume: unajaza gogo zima kwa watu waliobebana, mabega juu ya vichwa, mpaka hakuna mahali pa kupenyeza jicho. Zote mbili ni njia za kumwuliza mpingo kinachowezekana.

Lilanga alikuja Dar es Salaam miaka ya 1970 na, kupitia mjomba wake mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt. Mlinzi akawa msanii wa kituo. Pale alikutana na rangi, batiki, ngozi ya mbuzi, na bamba la kuchapia. Mwaka 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa Washington. Hayo ni maisha yake kwa ufupi, na yanaelezwa mara nyingi. Ningependa tukae zaidi kwenye kile mkono wake ulichofanya ulipobadilisha chombo.

Mashetani wake wa rangi wana masikio makubwa, midomo mipana, matumbo yaliyochomoza, na vidole viwili au vitatu. Wanafanya mambo ya kawaida ya mtaani: wanabebana, wanakunywa, wanagombana, wanacheza. Kila mmoja amezungushiwa mstari wa ukingo usiotetereka, na ndani ya mstari huo rangi ni moja, bapa, bila kivuli. Mchoraji aliyejifunza kwa penseli hutafuta umbo polepole, anapapasa kwa mistari myepesi mingi, kisha anachagua mmoja. Mstari wa Lilanga haupapasi. Unakwenda mara moja kama mtu aliyezoea kwamba kila anachogusa hakirudi. Na kati ya mashetani wake hakuna nafasi iliyobaki bila kazi. Pengo lolote linalotokea kati ya miguu miwili limepewa rangi yake na umbo lake, vile vile tundu la sanamu lilivyopewa. Alichora kama mchongaji anavyoona gogo, akijua kwamba kilichopo na kisichokuwapo vina uzito sawa.

Baadaye alirudi kwenye mbao akiwa na rangi mkononi. Alichonga kwa miti laini na kuipaka rangi za mafuta zinazong'aa, jambo ambalo wapenzi wa mpingo safi hawakulipenda sana. Mimi nalipenda. Mpingo mweusi uliosuguliwa kwa msasa hukuvuta uone mbao. Sanamu ya Lilanga iliyopakwa rangi hukulazimisha umwone kiumbe. Kisukari kilimwondolea uwezo wa kutembea katika miaka yake ya mwisho, na aliendelea kufanya kazi akiwa na wasaidizi mpaka alipofariki mwaka 2005.

Edward Saidi Tingatinga anajulikana kuliko wote, na kwa sababu hiyo anatazamwa kwa haraka kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyouzwa madukani kwa kazi nyingine: hadibodi iliyokatwa mraba wa futi mbili hivi, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli.

Vifaa hivyo vina tabia, na tabia hiyo ndiyo iliyoandika kanuni za mtindo. Rangi ya baiskeli haikuundwa ichanganywe taratibu kutoka mwanga kwenda giza. Inakaa nzito, inang'aa, na inachukua muda kukauka. Ukiharakisha tabaka la pili juu ya la kwanza, yote mawili yanachafuka. Kwa hiyo uwanja hupakwa kwanza, ubao wote, rangi moja au mbili, na kuachwa. Kisha mnyama: chui, tembo, ndege, umbo lote kwa rangi bapa, na kuachwa tena. Kisha ukingo. Mwisho madoa, moja moja, brashi ikiguswa tu na kuondolewa kabla tone halijatanuka. Anayedhani madoa ya chui ni pambo la haraka ajaribu kuyapanga 200 kwenye mgongo uliopinda, yakipungua ukubwa kuelekea mkiani, yasigusane hata mawili. Kazi hiyo inataka pumzi iliyotulia.

Mnyama wa Tingatinga mwenyewe, si wa wale waliomfuata, husimama peke yake katikati ya uwanja ulio karibu mtupu. Anaujaza mraba mpaka karibu na kingo. Jicho lake moja, au yote mawili hata akiwa ametazama pembeni, linamwangalia mtazamaji. Mtindo huo wa kusimama una undugu na yule mtu wa egemeo la Buruku, ingawa Tingatinga hakupata kukiona kiti kile na sidai kwamba upo uzi wa damu kati yao. Wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda, na baadaye wengi wa ushirika uliosajiliwa mwaka 1990, waliongeza miti, vijiji, umati, hospitali, masoko. Kuna kazi nzuri sana humo. Lakini uwanja mtupu ulipotea katika nyingi, na nadhani hasara hiyo haijasemwa vya kutosha. Uwanja mtupu ni mgumu kuliko uliojaa, kwa sababu hauna mahali pa kuficha ukingo mbaya.

Palipo na mwunganiko kamili wa patasi na picha ni kwenye uchapaji wa ubao. Lutengano Mwakisopile, anayefahamika kama Lute, ni mmoja wa waliojulikana Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Ubao bapa huchongwa. Sehemu zilizoondolewa zitabaki nyeupe, zilizoachwa zitapokea wino. Karatasi hulazwa juu, husuguliwa, hubanduliwa, na picha hutokea imegeuka kushoto kulia. Msanii wa namna hii anachonga usiku ili apate mchana: kila mkato ni mwanga unaoingia. Nyuzi za ubao nazo huchapika pamoja na picha, kama fundi ataziruhusu, na hapo mninga wetu ungekuwa na mengi ya kusema.

Sam Ntiro alikuja kwa njia nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1923 Uchagani, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell na kisha shule ya sanaa ya Slade, London. Huyu alikuwa na elimu yote ya kivuli na umbali, na akaamua kuiacha. Watu wake ni wadogo, wengi, wamefanana, wanapanda na kushuka milima ya Kilimanjaro wakilima, wakivuna, wakijenga. Mwaka 1960 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yalinunua picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Katika Tabora, mji uliojengwa na wapagazi, ambapo Wanyamwezi walizoea kutembea kilo 30 zikiwa begani hadi Bagamoyo, picha ya msururu wa watu wenye mizigo haihitaji maelezo. Ntiro alijua kwamba msururu hauna mtu wa katikati. Mdundo wa miguu ndio mada, na ndiyo sababu hakuwapa sura.

Na kuna mmoja ambaye nadharia yangu ya patasi haimtoshi, na ninamtaja kwa makusudi kwa sababu yuko kwenye njia yetu ya zamani ya misafara.

Njia ya misafara haikuishia Ujiji. Iliruka ziwa ikaendelea. Mmoja wa waliopita huko alikuwa Msiri, Msumbwa, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba, aliyetoka upande huu wa Unyamwezi na kujenga dola ya Garenganze yenye makao Bunkeya, Katanga. Aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji. Waliobaki na jina la Wayeke huko hadi leo ni wazao wa safari hiyo. Katika mji uliokuja kuota kwenye shaba ile ile, Lubumbashi, alizaliwa mwaka 1947 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu.

Tshibumba alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Aliishi kwa kuuza picha ambazo kila sebule ya mji ule ilizitaka, na iliyopendwa kuliko nyingi ni ile ya ukoloni wa Kibelgiji: mfungwa amelazwa anachapwa, mzungu mwenye kofia anatazama, wanawake wameleta chakula, bendera iko juu, gereza liko nyuma. Aliirudia mara nyingi sana. Mtu wa nje huona kurudia kuwa ni uvivu. Ukiziweka pamoja unaona kinachohama: mkono wa mzungu umekunjwa au umeshika kiuno, mwanamke mmoja amegeuza uso, mlango wa gereza umesogea. Kila nakala ni usimulizi mpya wa kisa kinachojulikana, na msikilizaji hodari husikiliza mabadiliko.

Kisha katika miaka ya 1973 na 1974 alifanya jambo kubwa zaidi. Alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha mji huo, akamwambia anataka kuchora historia yote ya nchi yake. Alichora picha 101, kuanzia kabla ya wazungu hadi siku zake mwenyewe, Lumumba akiwa ndani kwa mapana, na Msiri naye. Hazikuwa vielelezo vya kitabu fulani. Zilikuwa hoja, kila moja ikiegemea iliyotangulia na kuiandalia inayofuata. Ukingo wake si mkali kama wa Lilanga, mikono ya watu wake wakati mwingine haikubaliani na mabega. Nguvu yake iko pengine: katika kuamua ni dakika ipi ya tukio ichorwe, nani asimame mbele, maandishi gani yaingie ndani ya picha yenyewe. Alijiita mwanahistoria, na sioni jina linalomfaa zaidi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena. Picha zile ziko Amsterdam.

Maelezo yake juu ya kila picha yalirekodiwa, na aliyatoa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga chenye mchanganyiko wa Kifaransa na lugha za huko. Fabian aliyanukuu kama yalivyosemwa, na mwaka 1996 akachapisha kitabu juu ya picha hizo. Mchoraji anaeleza kwa nini anga ni jekundu pale, kwa nini mtu huyu amewekwa pembeni, wapi aliambiwa jambo na wapi aliwaza mwenyewe. Ni nadra kumpata msanii wa kizazi kile akiongoza mtazamaji hatua kwa hatua hivyo ndani ya kazi zake zote. Kijana wa Gongoni anayetaka kujifunza kuchora historia ya mji wake, Isike na ngome yake, wapagazi, reli iliyofika mwaka 1912, anaweza kuyafuata maelezo hayo bila mkalimani, akikwama hapa na pale kwenye neno la Kifaransa, na kuanza na picha ya kwanza.